Uzi: Umekwama kwenye vitabu vya Michel Foucault? Pitia kwenye mahojiano yake

Kibatari (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu, nitaushusha kwa awamu. Namwandikia yule aliyewahi kufungua kitabu cha Foucault, mwanafalsafa wa Ufaransa, akasoma kurasa ishirini, akakifunga na kujiona akili yake haitoshi. Akili inatosha. Umeingilia mlango mgumu tu, na upo mwingine.

Mimi nilianza na kile cha 1966, Les mots et les choses (Maneno na Vitu). Kinafunguka kwa uchambuzi wa mchoro mmoja wa Velázquez, mchoraji wa Hispania, Las Meninas wa 1656. Mchoraji amesimama mbele ya turubai ambalo sisi tunaliona mgongo tu, na kwenye kioo kilichotundikwa nyuma ya chumba wanaonekana mfalme na malkia kwa mbali. Kurasa zile ni nzuri mno. Lakini nilizimaliza sijui kwa nini naambiwa yale, anabishana na nani, wala ananipeleka wapi. Nikakiweka rafuni. Kilikaa miaka miwili.

Kilichonirudisha ni mazungumzo. Mwishoni mwa 1978 Foucault alikaa na mwandishi wa habari wa Kiitalia, Duccio Trombadori, mtu wa mrengo wa Kikomunisti, wakaongea kwa kirefu sana. Yalichapishwa 1980 kwa Kiitalia. Trombadori anataka kujua msimamo wake ni upi hasa, na Foucault anajibu kwa namna iliyonishtua: kama angekuwa anaandika ili kueleza kile anachokifikiri tayari, asingekuwa hata na ujasiri wa kuanza. Anaandika kwa sababu hajajua bado afikiri nini juu ya jambo linalomvuta, na kitabu kikiisha kimeshambadilisha. Anajiita mtu wa majaribio. Mnadharia, kwa maelezo yake, ni yule anayejenga mfumo mmoja kisha anautumia kila mahali kwa namna ileile, na yeye hajioni huko.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa nimekwenda kwenye kile kitabu kutafuta mfumo, na kila nilipokosa nikadhani umejificha kwenye Kifaransa kigumu. Nilipokirudia nikijua kwamba mwenye kitabu mwenyewe alikuwa anapapasa njia, sura ileile ya Las Meninas ikasomeka tofauti. Niliacha kuuliza "anathibitisha nini" nikaanza kuuliza "anajaribu nini".

Kuhusu shehena yenyewe. Foucault alizaliwa Poitiers 1926, akafariki Paris Juni 1984. Miaka kumi baada ya kifo chake, wachapishaji Gallimard walitoa Dits et écrits (aliyoyasema na kuyaandika), juzuu nne zilizosimamiwa na Daniel Defert na François Ewald. Zina maandishi 364: makala, dibaji, mihadhara na mahojiano kwa makumi, yote yamepangwa kwa tarehe. Kwa wanaosoma Kiingereza, mkusanyiko wa Colin Gordon wa 1980, Power/Knowledge, unagusa 1972 hadi 1977 na ndio ulioingiza watu wengi.

Ushauri wangu wa kwanza, na huu naushikilia kwa mikono miwili: usisome hata jibu moja kabla hujajua lilitolewa lini na nani aliuliza. Foucault wa 1971 aliyekaa Eindhoven na Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, mbele ya kamera za televisheni ya Uholanzi, mmoja akiongea Kifaransa na mwenzake Kiingereza, siye Foucault wa 1984. Na akiulizwa na mwanajiografia hatoi jibu ambalo angempa mwanahistoria.

Naendelea.

Jiwe la Msingi

Mkuu Kibatari, nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Mahojiano ni maneno ya mdomoni. Mtu kakaa kitini, kaulizwa, kajibu. Kitabu amekaa nacho miaka mitano, kila sentensi ameipima. Unawaambia watu waache kisima wanywe maji ya kwenye dumu. Tena mahojiano ndiyo yanayowafanya wanafalsafa wawe nyota wa magazeti: watu wanajua sura na koti, hoja hawaijui. Nimekutana na wengi wanaonukuu "maarifa ni mamlaka" na hawajasoma ukurasa hata mmoja.

Kibatari (mleta mada)

Jiwe, nashukuru kwa kuja na hoja nzito. Nianze na hilo la unyota, maana Foucault mwenyewe lilimuuma.

Aprili 1980, gazeti la Le Monde lilichapisha mahojiano yake na Christian Delacampagne, na sharti alilolitoa lilikuwa moja: jina lake lisionekane. Yakatoka kama mahojiano na mwanafalsafa aliyevaa barakoa. Wasomaji hawakuambiwa ni nani mpaka alipofariki. Ndani yake anapendekeza mchezo: kwa mwaka mmoja vitabu vyote vitoke bila jina la mwandishi, wahakiki wahangaike navyo vikiwa hivyohivyo, vitupu. Anasema pia anatamani uhakiki usiohukumu, uhakiki unaokipa uhai kitabu au hata sentensi moja, unaowasha moto na kutazama majani yakiota. Kwa hiyo hatari unayoitaja aliiona. Hakuikimbia kwa kunyamaza. Aliikabili ndani ya mahojiano yenyewe.

Na hao wa "maarifa ni mamlaka" ndio hasa wanaohitaji mahojiano. Amewahi kulieleza hilo akihojiwa: kama vitu hivyo viwili vingekuwa kitu kimoja, asingejisumbua kuchunguza uhusiano wake.

Sasa hoja kubwa. Angalia orodha ya vitabu kwa tarehe. 1975, Surveiller et punir (Kuchunga na Kuadhibu), kuhusu adhabu na kuzaliwa kwa jela. 1976, juzuu ya kwanza ya historia ya ujinsia, ikiwa na ahadi ya juzuu nyingine kufuata. Halafu kimya. Miaka minane hakuna juzuu inayofuata. Inapofika 1984, wiki chache kabla hajafa, zinatoka juzuu mbili, na zote ziko Ugiriki na Roma ya kale! Mtu aliyekuwa anaandika juu ya jela, kambi za jeshi, shule na hospitali sasa anaandika juu ya Wagiriki walivyojitunza na kuzipima raha zao. Anayesoma vitabu peke yake anaona mtu karuka korongo. Wapo waliosema ameitupa siasa.

Daraja liko kwenye yale aliyoyasema. Lipo kwenye mihadhara yake ya Collège de France, taasisi ya Paris alikofundisha, sawa, lakini hiyo ilianza kuchapishwa rasmi 1997. Kabla ya hapo msomaji wa kawaida alikuwa na mahojiano. Soma mazungumzo ya Berkeley, Marekani, ya Aprili 1983, wasomi Hubert Dreyfus na Paul Rabinow wakimuuliza. Wanamuuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: je, Wagiriki ni mbadala mzuri kwetu? Anakataa papo hapo. Hatafuti mbadala, anasema, kwa sababu huwezi kupata suluhisho la tatizo lako kwenye suluhisho ambalo watu wengine wa wakati mwingine walilipata kwa tatizo lao. Kisha inakuja ile kauli ambayo kwangu ni ufunguo wa miaka yake kumi ya mwisho: hasemi kila kitu ni kibaya, anasema kila kitu ni hatari, na hatari si sawa na ubaya. Kama kila kitu ni hatari, basi kazi ipo kila siku, na kila siku inabidi tuamue hatari kuu ni ipi.

Jiwe, niambie ni kitabu gani kati ya vile vya 1984 kinachokupa jibu hilo kwa uwazi huo. Mimi sijakipata. Alilitoa kwa sababu watu wawili waliokuwa wanamjua vizuri walimbana.

Jiwe la Msingi

Hapo kwenye miaka minane umenipata, sikuwa nimezipanga tarehe hivyo. Ila bado nasema ukisoma mahojiano lazima urudi kwenye kitabu.

Kibatari (mleta mada)

Katika hilo hatuna ugomvi.

Nukta

Wakuu naomba kuuliza, mimi ni mgeni kabisa kwenye haya mambo. Hiyo "mamlaka" mnayoisema ni ya serikali? Maana nikisikia mamlaka nafikiria ofisi, mihuri, polisi. Nikisikia nguvu nafikiria misuli. Foucault alikuwa anaongelea ipi?

Kibatari (mleta mada)

Nukta, hilo ni swali la msingi na hujalikosea hata kidogo. Shida yenyewe imeanzia kwenye neno.

Kifaransa wanasema pouvoir, na neno hilohilo ni kitenzi cha kuweza. Sisi tumegawanya: nguvu, uwezo, mamlaka, madaraka, utawala. Kila moja linabeba kipande. "Madaraka" yana mtu aliyeyashika. "Mamlaka" yana ofisi, kama ulivyosema. Foucault katika mahojiano ya katikati ya miaka ya 1970 anapigana na picha hiyohiyo ya ofisi. Alipoongea na Alessandro Fontana na Pasquale Pasquino, mazungumzo yaliyotoka Italia 1977, alisema nadharia ya siasa bado haijamkata kichwa mfalme. Maana yake bado tunafikiri mamlaka ni kitu kinachokaa juu na kusema "hapana, usifanye". Anauliza: kama kazi yake ingekuwa kukataza tu, kweli watu wangeyatii? Yanashika kwa sababu yanazalisha vitu, yanaleta raha, yanatengeneza maarifa.

Sasa twende polepole hapa, kwa sababu Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Mwaka 1982 ilitoka insha yake iliyowekwa mwishoni mwa kitabu ambacho haohao Dreyfus na Rabinow waliandika juu yake, na humo alicheza na neno la Kifaransa conduire. Linamaanisha kuongoza au kuendesha, na kutokana nalo wanapata neno la tabia, jinsi mtu anavyojiendesha maishani. Mamlaka, anasema, ni kuongoza mienendo. Nilisoma hilo mara nyingi likiwa kama fumbo la Kifaransa. Siku moja nikaliandika kwa Kiswahili kwenye daftari: *kuendesha mienendo*. Yaangalie maneno hayo mawili. Yote yametoka kwenye -enda. Mtu anaenda. Anavyoenenda ndio mwenendo wake. Mwingine akifanya ili aende hivi asiende vile, anamwendesha. Yule anayeendeshwa ni lazima awe anaweza kwenda, la sivyo hakuna cha kuendesha. Jiwe halina mwenendo. Mtu aliyefungwa minyororo mikono na miguu hayuko kwenye uhusiano wa mamlaka, hapo ni mabavu matupu. Na Foucault anasema hilo waziwazi: mamlaka yanatumika juu ya watu walio huru, na kwa kadiri wanavyokuwa huru.

Kwa hiyo jibu langu: nitaendelea kuandika "mamlaka" kwa kuwa ndilo lililozoeleka, lakini kila ukiliona, moyoni soma "kuendesha mienendo". Utaona sentensi nyingi ngumu zinalegea.

Nukta

Aisee. Nimelisoma mara tatu. Kwa hiyo mama anayembembeleza mtoto alale naye anatumia mamlaka?

Kibatari (mleta mada)

Ndiyo. Na hakuna ubaya wowote kwa kuwa ni mamlaka. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Mama Somo

Wanangu, niingie hapo kidogo. Mimi ni mwalimu, nimefundisha miaka mingi. Kitabu chake cha jela nilikisoma nikiwa chuoni na kiliniumiza. Madawati kwenye mistari, kengele, mitihani, jicho la mwalimu darasa zima, vyote vimo mle kama ndugu wa jela. Nilitoka nikijiuliza kama kazi yangu ni ya askari magereza. Kwa miaka mingi nilifundisha na hiyo dhamiri inanisuta, na hakuna aliyenijibu.

Nilikuja kupata jibu kwenye mahojiano ya Januari 1984, miezi mitano kabla hajafariki, yale aliyohojiwa juu ya kujitunza nafsi na uhuru. Anasema mamlaka si uovu. Anatoa mfano wa shule moja kwa moja. Anasema haoni baya kwa mtu anayejua zaidi kumwambia mwenzake la kufanya, kumfundisha, kumpa maarifa na mbinu. Tatizo linaanza pale mtoto anapowekwa chini ya ubabe wa mwalimu usio na sababu wala faida, au mwanafunzi anapogeuzwa mateka wa profesa anayetumia cheo vibaya. Na anatenganisha vitu viwili ambavyo nilikuwa nimevichanganya: mahusiano ya mamlaka, ambayo yanaweza kugeuka na kubishiwa, na hali ya kukandamizwa, ambapo yameganda hayageuki tena.

Niliifunga ile karatasi nikaenda darasani. Siku ile nilimwacha mwanafunzi mmoja anibishie mpaka mwisho, nikitazama mwenyewe kama ninaweza kugeuka. Kitabu kilinipa jeraha, mahojiano yakaniambia jeraha liko wapi hasa. Vyote viwili nilivihitaji.

Kibatari (mleta mada)

Shikamoo Mama. Umesema nilichokuwa natafuta maneno ya kukisema. Kwa wasomaji wengine: mahojiano hayo aliyoyataja yalifanywa na Helmut Becker, Raúl Fornet-Betancourt na Alfredo Gomez-Müller, na Foucault mwenyewe anakiri humo kwamba zamani hakuwa ameliweka wazi suala la mamlaka, wala hakuwa ametumia maneno yanayofaa. Fikiria hilo. Mtu wa hadhi ile, mwaka wake wa mwisho, anasema maneno yangu ya awali hayakutosha. Kitabu hakina nafasi ya kusema hivyo juu ya chenyewe.

Mama Somo

Marahaba mwanangu. Endelea.

Kibatari (mleta mada)

Awamu ya pili, na hii ndiyo niipendayo kuliko zote.

1976. Kikundi cha wanajiografia wa Ufaransa, Yves Lacoste akiwa mbele, wanaanzisha jarida lao, Hérodote. Toleo la kwanza kabisa wanamhoji Foucault. Wanakuja na malalamiko: umechimba historia ya tiba, ya uchumi, ya sarufi, ya elimu ya viumbe, lakini jiografia huigusi. Na huku lugha yako yote imejaa maneno yetu! Eneo, uwanja, uhamaji, kanda, ardhi, upeo.

Foucault anaanza kwa kujilinda. Anayachukua maneno moja baada ya jingine na kuyarudisha kwa wenyewe. Eneo ni neno la jiografia, sawa, lakini kwanza ni la sheria na siasa: mahali panapotawaliwa na fulani. Anayehama ni jeshi, kikosi, watu. Kanda ni neno la kodi, la utawala na la kijeshi. Upeo ni wa wachoraji, na pia wa wapanga vita. Neno moja tu anakubali ni la jiografia tupu, funguvisiwa, na alilitumia mara moja kuelezea jela zilivyotawanyika katika jamii nzima.

Wanajiografia hawakuridhika. Wakamrudia: sawa, hayo ni maneno ya jeshi na utawala, na jiografia nayo ilikulia kwenye kivuli cha jeshi. Ramani ni za nani? Nani alipima, kwa ajili ya nani? Unaona anaanza kusogea. Majibu yanarefuka. Anaanza kuongelea mpelelezi, msafiri, mtu anayekusanya habari za nchi ngeni kwa faida ya mfalme.

Halafu mwishoni anasema, na namweleza kwa maneno yangu: nimeyafurahia mazungumzo haya kwa sababu nimebadili mawazo tangu tulipoanza. Nilidhani mnadai nafasi ya jiografia kama walimu wanaolalamika vipindi vya somo lao vimepunguzwa. Sasa naona maswali yenu ni ya lazima kwangu. Jiografia inapaswa kuwa kwenye moyo wa kazi yangu.

Na hakuishia hapo. Mwaka uleule, toleo la tatu la jarida hilo, likatoka na maswali ambayo Foucault aliwatumia wao. Mhojiwa kageuka mhoji.

Ukisoma hapo penseli mkononi, unaweza kuweka alama pale fikra inapogeuka. Ni kama kumtazama mtu anapima kina cha mto kwa mguu.

Daftari

Mkuu nondo hizi ni nzito. Lakini mbona hamtaji Iran? Huyu bwana alikwenda huko 1978, watu wakiinuka dhidi ya Shah, akaandika kwenye Corriere della Sera akishangilia, na tunajua kilichofuata. Mahojiano si ndiyo yalimponza?

Kibatari (mleta mada)

Daftari, ni haki kuuliza. Alikwenda mara mbili, Septemba na Novemba 1978, na aliandika mfululizo wa taarifa kwa gazeti hilo la Italia. Yapo pia mazungumzo yake na Claire Brière na Pierre Blanchet, yaliyotoka 1979. Kwenye kurasa hizo unamwona mtu aliyeguswa na umati usio na silaha unaolikabili jeshi, na anayataja yale aliyoyaona kama utashi wa pamoja wa watu. Naona hakuuona kwa uzito unaostahili upande wa viongozi wa dini, wala hakuwasikiliza vya kutosha wanawake wa Iran. Mwanamke mmoja wa Kiirani alimwandikia kupinga 1978 hiyohiyo, na jibu lake Foucault lilikuwa dhaifu. Silitetei.

Baada ya watu kuanza kunyongwa, Aprili 1979 alimwandikia barua ya wazi Waziri Mkuu wa Iran, Bazargan, kuhusu haki za washitakiwa, na Mei akaandika Le Monde juu ya maana ya kuasi. Kisha akanyamaza juu ya Iran.

Ndiyo maana nasisitiza tarehe. Ukiyatoa maneno ya Novemba 1978 ukayaweka kama "falsafa ya Foucault", umemdhulumu. Ukiyaficha, umewadhulumu waliokufa. Yaache yakae kwenye mwezi wake.

Jiwe la Msingi

Hapa nakuunga mkono. Na niongeze tahadhari nyingine: mahojiano yanapita kwenye mikono mingi. Kinasa sauti, anayeandika, anayehariri, anayetafsiri. Tunajuaje ni maneno yake?

Kibatari (mleta mada)

Tahadhari sahihi kabisa, na nitakupa mfano halisi. Yale ya Berkeley ya 1983 yalitoka kwanza kwa Kiingereza. Kile kitabu cha Dreyfus na Rabinow yalimowekwa kilipotafsiriwa Kifaransa 1984, Foucault aliyapitia upya na kubadilisha sehemu kadhaa. Kwa hiyo kuna matoleo mawili ya mazungumzo mamoja, na yote ni yake. Mahojiano ya mwisho kabisa ya Mei 1984, na Gilles Barbedette na André Scala, yalifanyika akiwa hoi kwa maradhi, na yalitoka magazetini siku chache baada ya kifo chake. Kule anamtaja Heidegger kama mwanafalsafa wa msingi kwake, ilhali katika vitabu vyake karibu hamtaji. Wasomi wameijenga juu ya sentensi hiyo nyumba nzima. Mimi ningeenda nayo kwa uangalifu, nikikumbuka hali aliyokuwa nayo.

Ukiweza kupata lugha mbili, linganisha. Ukikosa, basi angalau soma maelezo madogo juu ya kila mahojiano: yalifanyika kwa lugha gani, lini, yakachapishwa lini. Wengi wanayaruka.

Daftari

Na wanafalsafa wengine? Njia hii inawafaa wote?

Kibatari (mleta mada)

Siyo wote. Levinas, mwanafalsafa wa Ufaransa, inamfaa sana, mazungumzo yake ya redio na Philippe Nemo yaliyotoka kitabu 1982 ni mafupi na yanafungua mlango. Hannah Arendt, mwananadharia wa siasa, akihojiwa na Günter Gaus kwenye televisheni ya Ujerumani, 1964, itafute hata kwa kuitazama tu, namna anavyovuta sigara na kukataa kuitwa mwanafalsafa. Mahojiano ya Heidegger na jarida la Ujerumani, Der Spiegel, yaliyofanyika 1966 na kwa masharti yake yakachapishwa baada ya kifo chake 1976, hayo mimi nayasoma zaidi kama ushahidi wa mtu anavyokwepa swali. Kuna ambao fikra zao zimo kwenye hatua za hoja, moja juu ya nyingine, na ukiwahoji unapata vipande tu.

Foucault alikuwa na bahati, au tuseme alichagua, kuhojiwa na watu waliokuwa na kazi ya kufanya: wanajiografia, wanahistoria, madaktari, wanaharakati wa magereza. Walimuuliza wakitaka kuondoka na kitu cha kutumia. Yeye na mwanafalsafa mwenzake Deleuze walishaongea hivyo 1972: nadharia ni kisanduku cha vifaa, isipofanya kazi haifai.

Nukta

Mkuu mimi nianze na yapi? Moja tu, nisije nikapotea.

Kibatari (mleta mada)

Hérodote, 1976. Ni mafupi, hayahitaji uwe umesoma kitu kingine. Weka alama pale unapoona anabadilika. Usiweke pale anaposema amebadilika, tafuta kabla ya hapo.

Nukta

Nimerudi wakuu. Nimesoma jana usiku na leo asubuhi tena.

Mwanzoni nilimkasirikia, nikaona anawazungusha hawa watu wa jiografia. Nikaweka alama yangu pale wanapomuuliza juu ya ramani na vita. Leo asubuhi nikaifuta, nikairudisha nyuma zaidi, kwenye lile neno kanda. Alipokuwa anawanyang'anya maneno yao, akisema hili ni la jeshi, hili la kodi, hili la utawala, nadhani tayari alikuwa ameshaanza kuona kwamba hayo yote ni ya kuendesha watu juu ya ardhi. Alikuwa anawakatalia na huku anawajengea hoja yao.

Kibatari, wewe uliweka wapi?

Kibatari (mleta mada)

Niliweka kwenye ramani, Nukta. Ngoja nikaisome tena.